Kipima Hewa Kilichonyamaza

Zamani Oyugi alipiga makasia kila alfajiri hadi kwenye vizimba vyake viwili vya samaki ziwani, karibu na Dunga. Akiwaona samaki wake, ngege, wamekuja juu wanatweta, alijua hewa majini imepungua. Hapo aliwasha mashine ya kusukuma hewa. Mkewe, Benta, alimtania kwamba anawapenda ngege kuliko yeye.

Samaki wa kizimba cha kwanza walikuwa na kazi yao. Wangeuzwa, na pesa zimpeleke Achola, binti wa Oyugi na Benta, chuoni Maseno mwezi wa Septemba.

Kisha Oyugi akanunua kipima hewa. Kilikaa majini na kutuma habari kwa intaneti. Hewa ikipungua, simu yake ililia. Basi akaacha kwenda alfajiri. Simu ikinyamaza, alisema, "Samaki wako sawa."

Mwezi wa Julai ujumbe ulifika kutoka kampuni ya intaneti: "Tunabadilisha anwani za intaneti. Leta vifaa vya zamani vikaguliwe."

"Hawa ni wakora," Oyugi alisema, akaufuta. "Kesho wataitisha PIN."

Tusimcheke. Wakora wametuchosha sote.

Wiki mbili simu haikulia. Jumapili, yeye na Benta walipotoka kanisani, waliona ndege wengi juu ya vizimba. Oyugi alikimbilia mashua. Kizimba cha kwanza kilijaa samaki waliokufa, matumbo meupe juu. Katika cha pili samaki walikuwa juu, wanatweta. Aliwasha mashine. Hao walipona.

"Yawa! Na simu haikulia!" Benta alilia ufukweni. "Miezi saba nimelisha hii samaki na mkono yangu!"

Kesho yake walikipeleka kipima hewa Mamboleo, kwenye duka la kampuni. Fundi Kageha alikikagua.

"Mzee, hii ni nzima. Shida ni anwani," alisema. "Kila kifaa kwa intaneti lazima kiwe na anwani, ndio habari ijue inaenda wapi. Anwani za zamani zilikuwa chache, zikaisha. Watu wengi wakatumia moja, kama wapangaji wa ploti moja wenye geti moja. Anwani mpya ni nyingi sana. Kila kifaa kinapata yake. Sasa laini yenu imehamia kwa mpya, na hii kipima hewa inajua za zamani tu. Ilituma habari, lakini haikufika."

"Na simu yangu mbona inafanya kazi?"

"Simu yako inajua zote mbili."

Oyugi aliinamisha kichwa. "Ile meseji niliifuta. Nilidhani ni wakora."

"Kushuku si vibaya, Mzee. Lakini usifute tu. Piga ile namba iko kwa kadi ya laini, ama ukuje hapa dukani. Na PIN yako usipee mtu."

Benta akauliza, "Sasa ikinyamaza tena, tutajuaje kama ni samaki wako sawa ama ni kifaa kimekufa?"

"Mama, hilo ndilo swali," Kageha alisema. Alikiwekea programu mpya inayojua anwani zote. Kisha akakipanga kitume ujumbe kila asubuhi, hata kama hakuna shida. "Siku ujumbe haujakuja, kimbieni ziwani."

Mwezi wa Septemba, mchana mmoja, simu ililia. Oyugi alifika mapema, akawasha mashine. Hakufa hata samaki mmoja.

Siku hizi anasoma ujumbe wa asubuhi, halafu bado anachukua makasia. Achola humsindikiza. Wanapita kando ya kizimba kitupu. Wenzake Achola wameshaanza masomo Maseno. Yeye atangoja mwaka mmoja.