Masale ya Kona ya Duka

Kila asubuhi Loveness alikwenda shule akiwa amemshika mkono mdogo wake, Jesse. Walipofika kwenye kona ya duka, pale Shirimatunda, alipunguza mwendo, maana Jesse alikuwa bado anachechemea. Hapo ndipo bodaboda ilipomgonga na kumvunja mguu. Magari yalikuwa yameegeshwa mpaka ukingoni, dereva hakumwona mtoto.

Baada ya ajali hiyo kamati ya usalama ya mtaa iliitisha mkutano. Iliamuliwa kwamba gari lolote lisiegeshwe penye kona, yote yapelekwe kiwanjani nyuma ya kanisa. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Baba mdogo Godlove, mjumbe wa kamati. Tena ndiye aliyetoa wazo la kupanda masale kandokando ya kona ile. Kwa Wachaga, majani ya sale huonyesha mpaka, na mpaka huo hauchezewi. Loveness alimsaidia kuyapanda, akawa anayamwagilia kila jioni. Alijivunia baba yake mdogo kuliko mtu yeyote.

Asubuhi moja aliyakuta yameng'olewa na kutupwa mtaroni. Mahali pake ilisimama pikapu iliyosheheni ndizi za kupelekwa sokoni Himo. Pikapu ile aliijua vizuri mno. Baba mdogo akatoka dukani.

"Shikamoo, Baba mdogo. Nani ameng'oa masale yetu?"

"Marahaba. Ni mimi. Kiwanja kiko mbali, na hizi ndizi ni nzito. Usimwambie mtu, mama. Ya nyumbani hayatoki nje."

"Lakini ni wewe uliyetuambia tuyapande!"

"Nimesema nyamaza, Loveness."

Kwa kuwa pikapu iliziba njia, watoto walilazimika kuizunguka barabarani. Ghafla bodaboda ikapiga honi. Loveness akamvuta Jesse kwa nguvu, wote wawili wakaanguka mtaroni, juu ya masale yaliyong'olewa. Hawakuumia, ila Loveness alilia kwa uchungu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni hakunyamaza. Alikwenda kwa Mama Eliaichi, mwenyekiti wa kamati, akamweleza yote.

Jumamosi mkutano ulipokaa, Godlove alikuja ameshika jani la sale. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Jesse, akainama.

"Nimekosa, mwanangu. Nipokelee."

Kwa mila ya Wachaga, anayeombwa msamaha kwa sale hakatai. Jesse alimtazama dada yake, kisha akalipokea.

"Mimi nilikuamini, Baba mdogo," Loveness alisema, machozi yakimlengalenga. "Ukaniambia ninyamaze."

Kamati ikamwamuru Godlove ayapande masale upya kwa mikono yake, na pikapu iende kiwanjani kama magari mengine.

Mama Eliaichi akasimama. "Watoto, sheria haivunjwi na wageni tu. Mara nyingine tunaivunja sisi tulioitunga, halafu tunawaomba mtunyamazie. Msitunyamazie. Na wewe Godlove, sale limepokelewa, umesamehewa. Lakini kuaminiwa tena ni mche mwingine. Huo utaumwagilia mwenyewe."

Tangu siku hiyo kona ilikuwa wazi, na Jesse alipita salama. Jioni Loveness alimkuta Baba mdogo pale na ndoo yake ya maji. Alimwamkia kwa heshima kama kawaida. Kumsaidia kumwagilia, bado hakuweza.