Nani Alinikatalia Kusafishiwa Damu Nyumbani?

"Celestine, si nyinyi mlikataa? Faili yako ilifungwa tangu Februari."

Nesi Sheila alisema hivyo huku akinibandika plasta mkononi. Mashine ilikuwa imenizungusha damu saa nne nzima. Nikadhani sijamsikia vizuri.

"Nani alikataa?"

Akafungua faili, akanionyesha karatasi. Familia haiko tayari kwa matibabu ya nyumbani. Chini yake, jina na sahihi...

ONYANCHA.

Jamani!! Baba mkwe wangu!

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana nimechoka na sitaki kurudia.

Figo zangu ziligoma miaka miwili iliyopita. Kila Jumatatu na Alhamisi nilikuwa natoka Nyansiongo alfajiri kwenda Kisii kusafishwa damu. Nikirudi, mwili umekuwa kama kitambaa kilichokamuliwa. Kesho yake nalala. Siku inayofuata nashona kidogo, maana mimi ni fundi wa nguo. Halafu safari tena. Migomba imezunguka nyumba, ndizi zinaiva mbele ya macho yangu, na daktari amenikataza. Hata maji nilikuwa nakunywa kwa kupimiwa.

Sasa, mwezi wa kwanza Sheila alinitajia njia nyingine. Unawekewa mpira mwembamba tumboni, unabaki hapo hapo. Unaingiza maji ya dawa kutoka kwa mfuko, yanakaa tumboni masaa kadhaa yakivuta uchafu, unayatoa, unaweka mengine. Mara nne kwa siku. Nyumbani kwako! Hospitali unaenda kliniki tu.

Siku hiyo nilikuwa natapika, nikasikia nusu. Sheila akampigia mume wangu Okemwa, anayefanya kazi Naivasha, akamweleza yote.

Jioni Okemwa akaniambia kwa simu, "Nimeshaweka jina, mpenzi. Tungoje kuitwa."

Nikangoja. Mwezi wa pili... wa tatu... wa nne... wa tano... Kumbe nangojea faili iliyofungwa!

Siku ile Sheila aliponionyesha karatasi, nilifika nyumbani saa kumi. Mzee alikuwa zizini anakamua. Sikusalimia.

"Tata," nikamwita, maana kwetu ndivyo tunavyomwita baba, "ni wewe ulisaini nisitibiwe nyumbani?"

Maziwa tu yakilia ndani ya ndoo.

"Tata! Mimi naisha hivi, na wewe unakamua ng'ombe?"

Hakunigeukia. Na kama wewe si Mkisii, hapa lazima nikueleze. Kwetu kuna chinsoni, heshima yenye mipaka. Baba mkwe haendi zaidi ya sebule katika nyumba ya mwanawe. Chumba cha kulala hakioni. Mwili wa mokamwana, yaani mke wa mwanawe, hautaji hata kwa mdomo.

Mzee akaanza kuongea... na ng'ombe.

"Okemwa alinipigia simu. Akasema ni mimi nitakuwa naingia kwa chumba yao mara nne kwa siku. Nifunue tumbo ya mokamwana, nifunge hiyo mpira. Mimi! Bibi ya mtoto wangu!"

"Tata..."

"Sasa ningemwambia aje? Hiyo maneno ningeanzia wapi? Nikaenda Kisii peke yangu, nikasaini, nikarudi. Tangu hiyo siku chakula yake nakula na aibu."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kubomoa zizi. Yote ikaniishia. Nikakaa chini kwenye nyasi nikalia, na mzee akaendelea kukamua ng'ombe aliyekwisha maziwa kitambo.

Nikampigia Sheila hapo hapo, nikamweleza maneno ya mzee.

"Nani alisema mzee ndiye atakufunga?" Sheila akashangaa. "Unajifunga mwenyewe! Wewe si unatia uzi kwenye sindano kila siku? Tunakufundisha. Kunawa mikono, kuvaa barakoa, kufunga mlango na dirisha. Maji yakitoka na ukungu, unakimbia hospitali. Msaidizi ni wa siku umezidiwa tu, anaweza hata kuwa dada yako. Haya yote nilimwambia mume wako!"

"Na mimi je, Sheila? Mbona hamkuniuliza mimi?"

"Hapo tulikosea, Celestine. Tulipaswa kukuuliza wewe."

Ikabaki simu moja.

"Okemwa, ulijua naweza kujifanyia mwenyewe?"

"Mpenzi, niko kazini..."

"Ulijua?"

"...Nilijua."

"Na mzee ulimdanganya kwa nini?"

Akavuta pumzi. "Celestine, si unamjua baba yangu? Nilijua atakataa."

Watu wangu!! Nilishika nguzo ya zizi. Alichukua heshima ya baba yake mzazi, akanifungia nayo mlango! Na mzee wa watu ameibeba aibu miezi yote hiyo akidhani ni yake.

"Kwa nini, Okemwa?"

"Hiyo kitu ikiingia uchafu inaua. Ukikufa kwa nyumba yangu, ndugu zako watasema ni mimi. Lakini ukifia Kisii... hiyo ni ya hospitali. Hakuna mtu ataniuliza."

Sikupiga kelele. Nguvu ya kupiga kelele ningeitoa wapi? Nilifikiria tu zile safari, thelathini na kitu, na kila nikirudi ananitumia ujumbe: pole mpenzi, Mungu yuko.

"Kwa hivyo kifo changu ulishakitafutia mahali," nikamwambia. Nikakata.

Huu ni mwezi wa tatu tangu niwekewe mpira. Sitawadanganya, si muujiza. Maboksi ya maji yamejaa stoo. Kuna siku nanawa mikono nikilia, kwa sababu ni mara ya nne na bado kesho. Uchovu upo. Ila sasa ni uchovu wangu mwenyewe, na katikati ya mfuko mmoja na mwingine nashona gauni. Dada yangu Gesare alifundishwa pamoja na mimi.

Okemwa amekuja mara moja. Aliomba msamaha. Nimemsikia. Kumjibu bado sijapata nguvu.

Na mzee? Sabato iliyopita kina mama wa kanisa walikuja kuniombea, na kwetu mgonjwa hafungiwi mlango. Mimi nilikuwa ndani nimejifunga mfuko wangu. Nikamsikia sebuleni; Gesare aliniambia baadaye alikuwa ameweka kiti, mgongo umeelekea mlango wa chumba changu.

"Yaya," akawakatalia kwa Kikisii. "Hapana kuingia. Mokamwana ako na kazi. Ombeeni hapa na mimi."

Bathsheba, kiongozi wao, akakasirika. "Mzee, tangu lini mgonjwa anafichwa?"

"Tangu yeye mwenyewe aseme," mzee akajibu.

Wewe unayesoma hii ukiwa kwenye foleni ya kliniki, au unayempeleka mama yako: wakati daktari anaeleza, usimwachie mtu mwingine akusikilizie, hata kama mnalala kitanda kimoja. Kama ulikuwa unatapika, rudi uulize tena. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa miezi minne, na ile miezi hakuna mtu wa kunirudishia.