Ilimba Isiyovuma

Kitulizi kilikuwa na ukubwa wa jokofu, kimesimama katikati ya chumba cheupe kwenye Jumba la Tiba-Sauti, Dodoma, mwaka 2094. Mbele yake alikaa Eunike, msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye tangu azaliwe hakuwahi kutamka neno. Alikuwa anagonga ubao wa vitufe kwa ngumi, kwa kiwiko, mara moja hata kwa paji la uso. Lakini kilichotoka kwenye spika kilikuwa wimbo mtamu, laini kama uji wa mgonjwa.

Siri ilikuwa kwenye bangili-pigo aliyovaa mkononi. Bangili hiyo ilisoma mapigo ya moyo, joto la ngozi na pumzi, ikapeleka habari kwa Kitulizi mara mia kwa kila sekunde. Kitulizi nacho kikapanga sauti za kumshusha mtoto polepole, kama mtu anavyoshusha ndoo ya maji kichwani. Ukutani paliandikwa kwa taa za kijani: UTULIVU 94.

Nje ya dirisha alisimama baba yake, Yoramu Chilongani, mgane wa miaka mitatu. Kazi yake ilikuwa kufuata roboti zinazopangusa vioo vya umeme wa jua, apanguse yeye pale zilipopasahau. Ndiyo, roboti zina kibarua wao, tena mtu mzima. Wakubwa waliona ni nafuu hivyo.

Siku hiyo hasira ilikuwa imemfika kooni. Kisa kilikuwa karani-bandia, sanduku lenye sauti ya kike lililobandikwa ukutani.

"Mzazi wa namba 7718," lilisema, "chagua tiba ya muziki au somo la muziki. Mwisho saa sita mchana. Uchaguzi unadumu miaka sita."

"Kwa nini asipate vyote?"

"Tiba iko Idara ya Utulivu. Somo liko Idara ya Mafunzo. Katika Daftari Kuu mtoto ni mgonjwa au ni mwanafunzi."

"Mtoto ni mmoja, mama. Nyinyi ndio mnamkata vipande!"

"Malalamiko yako yamepokelewa."

"Yamepokelewa na nani?"

"Yamepokelewa."

Jamani. Watu wamejenga mwezini, wanachimba chuma huko, lakini kumwekea mtoto alama mbili kwenye fomu moja kumewashinda. Na hao walioipanga fomu, nani kati yao amewahi kukesha na mtoto anayejing'ata?

Maana Eunike alikuwa anajing'ata. Tangu mama yake, Damari, afariki, alikuwa akipandwa na ghadhabu anajitia meno kwenye kifundo cha mkono mpaka damu. Kitulizi kilimwachisha. Hilo Yoramu hakuweza kulikana.

"Mzee wangu, mimi ningekaa na tiba," alisema Mhandisi Tumsifu, kijana mwenye koti safi aliyekitunza Kitulizi. "Kovu limepona. Ukimtoa, anavuliwa bangili siku hiyohiyo."

"Na somo lenyewe likoje?"

"Ng'ambo ya korido. Unaruhusiwa kuonja nusu saa. Lakini kule kuna kelele."

Yoramu alimshika binti yake mkono, wakavuka.

Mwalimu wa somo aliitwa Sikujua, mwanamke mfupi asiye na subira wala dalili ya kuitafuta. Hakuuliza namba ya mtoto. Alimpakatisha ilimba, kisanduku cha mbao chenye vyuma vya kuchezwa kwa vidole gumba, kile cha Wagogo, chenye matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui ili kila sauti itoke na mvumo wake.

"Bonyeza hapa, mama," alisema.

Eunike akabonyeza. Ilimba ikavuma. Mtoto akashtuka, akainama, akalaza shavu juu ya ubao. Akabonyeza tena, shavu palepale. Yoramu alimwona anafumba macho.

"Mbona kama hajawahi kuisikia?" aliuliza. "Kitulizi si kinamtolea sauti ya ilimba kila siku?"

Tumsifu, aliyewafuata, alijikuna shingo. "Kinapiga. Ila ule mvumo tuliuchuja, mzee. Mtambo uliusoma kama uchafu wa sauti."

"Uchafu?"

"Sisi pia tulidhani ni hitilafu."

"Ilimba bila mvumo! Si mngewaletea watoto sufuria! Hakukuwa na Mgogo hata mmoja wa kumuuliza, na mji umejaa?"

Kabla hajajibiwa, Sikujua alikuwa ameshapiga sauti tatu. "Haya, fuata."

Eunike akapiga mbili sawa, ya tatu akakosa.

"Hapana. Rudia."

Akakosa tena. Safari hii alilisikia kosa, na uso wake ukabadilika. Alitazama vidole vyake, akatazama ilimba, kama mtu aliyesalitiwa na vyote viwili.

"Hajazoea," alisema Tumsifu kwa sauti ya chini. "Kwetu akigusa popote, mtambo unamsahihishia. Hakuna kukosea."

"Miaka mitatu?"

"Ndiyo ilivyoagizwa, mzee. Kosa linashusha utulivu."

Yaani miaka mitatu mtoto amepiga, na hakuna hata siku moja aliyojisikia yeye mwenyewe. Na taarifa zimepanda juu, 94, 95, watu wamepigiana makofi kwenye mikutano.

Eunike alipiga ukelele. Meno yakaingia kwenye kovu, damu ikatoka. Bangili ikaanza kulia, taa nyekundu ikawaka mlangoni.

"Mrudishe, mzee!" alisema Tumsifu. "Dakika mbili tu atakuwa ametulia."

Na Yoramu, baada ya maneno yote yale, alinyoosha mkono achukue ilimba. Alikuwa amechoka. Usiku wa kwanza baada ya Kitulizi alilala saa nane mfululizo, akaamka akilia kwa shukrani. Kumbe zile 94 na yeye alikuwa akinufaika nazo. Wakubwa wameharibu, sawa, lakini aliyekuwa anafurahia kimya kile ni nani?

Eunike aliusukuma mkono wa baba yake. Akaivuta ilimba kifuani, damu ikachirizika kwenye mbao. Akapiga ya kwanza, akapiga ya pili. Ya tatu akakosa. Akakohoa kilio, akaanza upya.

"Zimebaki dakika tano," lilisema karani-bandia kutoka koridoni.

"Somo!" Yoramu alifoka. "Andika somo!"

"Umethibitisha mtoto si mgonjwa. Tiba imefungwa."

Bangili ikafunguka yenyewe, ikaanguka sakafuni. Tumsifu akaiokota, akaondoka bila kuaga.

Yoramu alimgeukia mwalimu. "Ataumia hivi mpaka lini?"

"Mie nafundisha ilimba, baba Eunike. Hilo waulize waliokulazimisha kuchagua." Alifungua droo, akatoa kipande cha kanga, akamrushia. "Mfunge mkono. Kidole gumba kiache wazi."

Akaufunga. Eunike hakumtazama. Alipiga, akakosa vibaya sana, ilimba ikavuma chumba kizima. Yoramu akavuta kigoda, akakaa.