Happy Ainuka Kwenye Kochi

Severina alikuwa muuza viazi sokoni Mbeya. Kila jioni aliporudi, alimkuta binti yake, Happy, palepale alipomwacha: kwenye kochi, shingo imeinama, macho kwenye simu. Happy alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, mama," alijibu bila kuinua kichwa.

Jumapili moja walikuwa wakipanda kilima kwenda kanisani. Ghafla Happy alikaa chini, anahema, moyo unamwenda mbio.

"Mama, siwezi."

Severina aliingiwa na hofu. Dada yake mwenyewe alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa moyo. Kesho yake asubuhi alimpeleka Happy zahanati.

Tabibu Ambokile alimpima presha na damu, akausikiliza moyo kwa makini.

"Mama Happy, ondoa hofu," alisema. "Moyo ni mzima. Damu inatosha."

Severina alijikuta analia. "Ndaga fijo, baba! Asante sana! Sasa ana nini?"

"Tumuulize mwenyewe. Happy, unashinda wapi?"

Happy aliangalia sakafu. "Kwenye kochi. Na simu."

"Na kulala?"

"Nachelewa."

"Mwili usiotumika hulegea," tabibu alimweleza. "Kijana kama wewe anahitaji angalau saa moja kila siku ya kutembea haraka, kucheza, au kazi ya kutoa jasho. Anza kidogo kidogo. Ukikaa muda mrefu, inuka ujinyooshe. Simu isilale nawe chumbani. Kifua kikiuma au ukizimia, rudini haraka."

"Nimnyang'anye simu?" Severina aliuliza.

"Hapana, mama. Pangeni muda pamoja. Na wewe uufuate."

Hapo Severina alicheka kwa aibu. Yeye naye alikuwa hachoki kusoma magrupu ya kwaya kwenye simu yake.

Tangu siku hiyo, saa tatu usiku simu zote mbili zilibaki sebuleni. Asubuhi mama na binti walikwenda sokoni kwa miguu. Wiki ya kwanza Happy alinuna njia nzima. Wiki ya tatu alijiunga na timu ya netiboli ya mtaani.

Miezi miwili baadaye timu hiyo ilicheza na timu ya Uyole. Happy alikimbia mpaka filimbi ya mwisho.

"Mama Happy, mwanao hachoki!" jirani alipiga kelele.

Severina alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake aliuza viazi kwa ishara za mikono, huku akicheka.