Chini ya Futi Elfu Kumi

Jambo lenyewe lilianza kwa jibu tu. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, nesi yuko nyuma anakaza mikanda ya machela, na Kapteni amekaa peke yake kiti cha kushoto akisoma orodha ya ukaguzi kwa sauti. Orodha ile husomwa na watu wawili, mmoja anauliza na mwingine anajibu, lakini tangu mumewe afariki, Kapteni alikuwa anajiuliza na kujijibu mwenyewe. Akasoma, "Mafuta?" Kabla hajafungua mdomo kujibu, hedfoni ikasema, "Yapo, kushoto na kulia."

Akageuka. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Harufu ya sabuni ya kunyolea ya mumewe ilikuwa imejaa pale mbele, na Kapteni, badala ya kukimbia kama mtu mwenye akili zake, alifurahi. Mnisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alifurahi mpaka ikabidi nesi amkumbushe kwamba kuna mgonjwa anasubiri.

Marehemu watu walimwita Taratibu, maana neno hilo halikumwisha mdomoni. Chai anywe taratibu, gari aendeshe taratibu, hata ugomvi aliutaka wa taratibu. Na mtu huyo huyo kazi yake ilikuwa kurusha ndege isiyojua taratibu hata kidogo: injini mbili, panga boi mbili, mabawa mafupi, mbio kuliko ndege zote ndogo za uwanja ule. Ndiyo maana iliwekwa kubeba wagonjwa. Lakini ni ndege yenye wivu. Inataka mikono yote miwili na akili yote, na ukipunguza mwendo kupita kiasi wakati wa kutua, inakuacha hewani, inaanguka bila hata kukuaga.

Kwa hiyo mke na mume walikuwa na sheria, kama marubani wengi: chini ya futi elfu kumi hakuna maneno yasiyo ya kazi. Hata nyumbani waliigeuza utani. Taratibu akianza porojo zake wakati mkewe anakaanga vitunguu, mkewe humwambia, "Tuko chini ya elfu kumi, bwana," naye hunyamaza, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Siku aliyokufa, Kapteni ndiye aliyeshika usukani. Walikuwa wanashuka, upepo unawapiga ubavuni, na Taratibu akasema kwenye hedfoni, "Mke wangu, nilitaka kukwambia..." Mkewe hakumtazama. Akamjibu, "Tuko chini ya elfu kumi," akidhani ni utani wao uleule. Taratibu akanyamaza. Magurudumu yalipogusa lami ndipo alipomwona amelaza kichwa kwenye dirisha, mkono uko kifuani. Daktari alisema ni moyo. Watu walikuja, wakalia naye, wakaenda makwao, naye akabaki na ile sentensi isiyo na mwisho. Alitaka kusema nini? Ilimkondesha kuliko msiba wenyewe.

Sasa sauti ilipoanza kumjibu, yeye angefanya nini? Hakumwambia mtu. Juu mawinguni ilikaa kimya. Wakianza kushuka, wakivuka futi elfu kumi tu, inakuja, karibu kabisa na sikio: "Mke wangu, nilitaka kukwambia..." Na kila mara kabla haijamaliza, magurudumu yanagusa lami, inakatika. Basi Kapteni akaanza kupunguza mwendo. Leo kidogo, kesho kidogo, ili safari ya kushuka irefuke na ile sauti ipate nafasi. Rubani mzima, miaka kumi na minne ya kazi, anajua ndege ile inavyoua. Sikio la kufa halisikii dawa, na la mfiwa ndiyo kabisa.

Kitu kimoja alikiona akajifanya hakukiona. Taratibu alikuwa na pumzi nzito, inayosikika kwenye hedfoni kama mtu anapuliza moto. Sauti hii haikuvuta pumzi popote.

Siku ya kumi na moja walimbeba mama mjamzito anayevuja damu. Mchana, mbingu nyeupe. Wakavuka futi elfu kumi, sabuni ikanuka, sauti ikaja, "Mke wangu, nilitaka kukwambia," na Kapteni akarudisha nguvu ya injini nyuma kidogo, na sauti ikasema, "Punguza tena, nimalizie," akapunguza tena, na muungurumo wa panga boi ukashuka, na yule mama nyuma akaguna, na usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake jinsi unavyotetemeka ndege ile inapokaribia kukuacha, na nesi akasema kwa sauti ya chini, "Kapteni, mbona inatetemeka?" na Kapteni, Mungu amsamehe, akainua mkono kumnyamazisha nesi ili asikie vizuri, na sauti ikasema, "Taratibu, mke wangu, punguza tena taratibu."

Hapo akili ikamrudia. Marehemu alilisema neno hilo mezani, barabarani na kitandani. Ndani ya ndege ile hakuwahi kulisema hata siku moja.

Akasukuma nguvu yote mbele, akainamisha pua. Walitua kwa kishindo, tairi moja ikapasuka, lakini yule mama alifika hospitali na mtoto wake akazaliwa akilia. Kapteni alibaki amekaa kwenye kiti, hawezi kufungua mkanda.

Fundi alikuja kubadilisha tairi. Alichungulia ndani, akarudi nyuma hatua mbili.

"Dada, umekaa na nani humu?"

"Niko peke yangu."

"Hiyo harufu naijua mimi. Mwenye nayo nimeshika jeneza lake." Akaangalia pembeni, akashusha sauti. "Mwite mama yake. Usirushe tena mpaka aje."

Mama mkwe alikuwa mtu wa kutoa majini. Miaka mingi watu walimletea wagonjwa wao, lakini tangu amzike mwanawe alikuwa amefunga mlango. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza mkwewe, akajifunga kanga yake vizuri, akaja. Wakaingia kwenye ndege ndani ya banda, milango ya banda imefungwa, joto linawachemsha. Mama mkwe akakaa kiti cha kulia, akavalishwa hedfoni.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Mwisho wake huyo jini atakuuliza yeye ni nani. Ukimwita mumeo, amepata nyumba, na hatatoka mpaka akuue pamoja na hao unaowabeba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Kapteni akawasha umeme wa ndege. Taa za mbele zikawaka. Mama mkwe akasoma dua zake, mara moja, mara ya pili, na sabuni ikaanza kunuka.

"Mama," sauti ikasema.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Yule mama alifumba macho, midomo ikaendelea kusoma, lakini machozi yalitiririka mpaka shingoni. Kisha akasema, "Ulichotaka kumwambia mkeo, kiseme."

Na sauti ikasema, bila kuvuta pumzi: "Mke wangu, hukunikosea kitu. Hata ungeniangalia ningekufa tu. Ungeacha usukani, ungetuua wote. Nimekusamehe."

Kapteni aliyasikia maneno hayo. Aliyajua. Yalikuwa yake, neno kwa neno, aliyojiambia kila asubuhi bafuni, bomba likiwa wazi ili binti yao pale nyumbani asimsikie. Jini hakuwa na habari yoyote kutoka kwa marehemu. Alikuwa anachota humohumo kifuani mwake.

"Mimi ni nani?" sauti ikauliza, kwa upole kabisa. "Niambie, mke wangu. Mimi ni nani?"

Ilikuwa rahisi kumwita mume wangu. Angeisikia maisha yake yote, ikimsamehe kila siku.

"Wewe si mume wangu," Kapteni akasema. "Mume wangu amekufa. Alikuwa ananiita nikamnyamazisha, akafa, na sitajua kamwe alitaka kusema nini."

Hedfoni zikalia kwa mlio mwembamba wa kuumiza meno. Sabuni ikageuka harufu ya nywele zinazoungua. Injini zote zimezimwa, lakini nje panga boi la kulia likazunguka, mzunguko mmoja mzima, polepole, likasimama. Kisha pakawa kimya.

Fundi akagonga mlango, akauliza kama wako salama. Kapteni akaitikia, akazima umeme, taa zote zikafa. Akanyoosha mkono amvue mkwewe hedfoni. Yule mama akazishika kwa mikono yote miwili, akazikandamiza masikioni.

"Mama, ameondoka. Na umeme nimeuzima. Hakuna kitakachosikika humo."

"Najua," akasema mama mkwe. "Nimemtoa mwenyewe." Macho yake yalikuwa bado yamefumbwa. "Lakini wewe umemsikia siku kumi na moja, mwanangu. Mimi ameniita mara moja tu."

Kapteni akamwachia hedfoni, akarudi kukaa kwenye kiti chake.