Fomu ya Saa Sita Mchana

Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, Dada aliwasha kompyuta ya sebuleni, akafungua tovuti ya chuo cha uuguzi, kisha akapiga yowe lililomtoa Mama jikoni na mwiko mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi mekundu: MUUNGANISHO HUU SI SALAMA. HUENDA MTU ANAJARIBU KUIBA TAARIFA ZAKO. Alijaribu tovuti nyingine tatu. Zote zilimfukuza kwa maneno yaleyale.

Maombi ya chuo yalikuwa yanafungwa saa sita kamili. Vyeti vyake vyote vilikuwa ndani ya kompyuta hiyo. Mwaka jana alikosa nafasi. Akikosa tena, ni mwaka mwingine mzima wa kukaa nyumbani akihesabu vigae vya dari.

"Wadukuzi!" alitangaza Baba. Akachomoa kisanduku cha intaneti ukutani, akakikumbatia kama mtoto mchanga. "Hakuna karatasi ya mwanangu itakayopita humu mpaka mwizi apatikane. Wala kwa simu!"

Ikabidi aitwe Shangazi.

Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alishona mapazia siku tano za wiki. Siku mbili zilizobaki alitibu kompyuta za watu, kwa mapenzi tu. Alifika saa nne na nusu na mkoba wenye bisibisi nne, tochi, na brashi ya poda ambayo haikuwahi kugusa shavu la mtu. Mwezi uliopita aliifungua kompyuta hiyohiyo kuitoa vumbi, akawakalisha wote na kuwatambulisha kiungo kimoja kimoja, kama mwalimu wa zamu anayeita majina bwenini. Baba peke yake ndiye aliyeuliza maswali.

Alianza na pembe ya chini ya kioo. Palisomeka tarehe mosi Januari, mwaka ambao Dada alikuwa darasa la kwanza. Akaguna, akaandika kwenye daftari.

"Asiondoke mtu," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa na pa kwenda. "Nitawahoji mmoja mmoja."

Wa kwanza alikuwa Kitinda Mimba, miaka kumi na miwili, mwenye historia ndefu ya uhalifu.

"Umeigusa kompyuta leo?"

"Leo sijaigusa."

"Na jana?"

"Jana nilibandika karatasi chini ya kipanya ili mshale usisogee. Na ile picha ya Baba amelala kinywa wazi kwenye kioo, niliiweka mimi. Na juzi—"

"Inatosha, mwanangu." Shangazi akaandika: *Ana hatia, ila ya mengine.*

Dada alieleza kwamba jana saa mbili usiku alijaza nusu ya fomu bila tatizo, kisha akaizima kompyuta mpaka kwenye soketi.

"Wifi yangu," Shangazi akamgeukia Mama, "umeona chochote cha ajabu?"

"Nyumba hii nzima ni ya ajabu. Taa ya choo inapepesa, mizani ya bafuni imekufa tangu Jumatano. Nikamwambia ndugu yako, wiki hii hakuna kupimana."

"Kupimana?"

"Tuna shindano la kupunguza uzito. Kila Jumamosi tunaandika kilo zetu kwenye kalenda ya jikoni. Atakayeshindwa ataosha vyombo mwezi mzima."

Baba alihojiwa akiwa bado amekumbatia kisanduku.

"Ni yule jirani," alisema. "Nenosiri letu analijua."

"Amelijuaje?"

"Nilimpa."

"Kwa nini?"

"Aliomba vizuri."

"Na wewe asubuhi ulikuwa wapi?"

"Niliamka, nikajipima, nikaoga. Nimepungua kilo mbili na nusu, dada! Hebu niangalie." Akasimama kiubavu.

Shangazi alimwangalia kwa makini. Kilo zilizopungua hakuziona. Akaenda jikoni kusoma kalenda, akachungulia bafuni, kisha chumbani. Aliporudi, alipapasa skrubu za nyuma ya kompyuta. Moja ilikuwa imekazwa nusu.

Saa tano na dakika ishirini aliwakusanya wote sebuleni.

"Hakuna aliyetudukua," alisema. "Kila tovuti hubeba kitambulisho chenye tarehe ya kutolewa. Kompyuta hii inaamini Dada bado yuko darasa la kwanza. Inaona vitambulisho vilivyotolewa miaka ambayo haijafika, inadhani vimeghushiwa. Imesahau tarehe kwa sababu hii."

Akafungua ubavu wa kompyuta na kumulika tochi. Palikuwa na kitundu cha mviringo, ukubwa wa sarafu, kitupu.

"Betri yake imeibiwa."

Mama akamgeukia Kitinda Mimba.

"Safari hii si mimi!"

"Kweli si yeye. Wifi yangu, mizani ilikufa Jumatano. Leo asubuhi mtu amejipima. Nani aliifufua, na kwa betri gani?"

Macho yote yakamwangukia Baba. Akakibana kisanduku kifuani.

"Dada yangu, si wewe uliyesema kazi ya ile betri ni kukumbuka saa tu kompyuta ikizimwa?"

"Nilisema."

"Sasa saa si tunayo!" Akanyoosha kidole ukutani. "Tena kubwa!"

"Ungesubiri ukanunue nyingine."

"Duka linafunguliwa saa tatu. Nilikuwa sijala wala kunywa tangu jana jioni. Zile kilo zingerudi!" Akamtazama Dada, sauti ikapoa. "Wadukuzi niliwaamini kabisa, mwanangu. Sikujua kumbe ni mimi."

Shangazi akafungua daftari na kuongeza kwa uadilifu: *Mshirika: mimi mwenyewe, kwa kujionyesha.*

Saa tano na dakika thelathini na tano betri ilirudi kwake, tarehe ikarekebishwa, kisanduku kikachomekwa. Saa tano na hamsini na moja kioo kikaandika: MAOMBI YAMEPOKELEWA. Dada akamrukia Shangazi shingoni, kisha akamrukia mtuhumiwa.

"Limebaki swali dogo," alisema Shangazi akifunga mkoba. "Mizani nimeikuta chumbani, juu ya zulia nene. Pale haisemi kweli."

"Sakafu ya bafuni ni baridi," alijitetea Baba.

Mama alikwenda jikoni, akaweka alama kubwa ya kuuliza mbele ya kilo za Baba.

"Kanunue betri, uje ujipime upya bafuni."

Baba akachukua funguo za gari. Mama akanyoosha mkono, akazipokea.

"Kwa miguu."

Saa sita kamili, Kitinda Mimba aliripoti kutoka dirishani kwamba mtuhumiwa ameonekana akielekea dukani. Alijaribu kukimbia mara moja, akaacha.