Mshauri wa Saa Tisa

Jirani alimwita mara tatu, "Mama Kidoti!", naye fundi cherehani akaendelea kushona kana kwamba anaitwa mtu mwingine. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa mlangoni akivua viatu. Akadhani ni uchovu. Lakini jioni hiyohiyo mkewe alitoa sandukuni gauni dogo la manjano, akalipima kwa vidole, akauliza ni la mteja gani.

Lilikuwa la binti yao Kidoti, aliyefariki mwaka uliotangulia akiwa na miaka sita.

Baada ya mazishi yule mama alikaa miezi mingi halali, hali, hashoni. Kisha akapata mshauri nasaha wa mtandaoni. Kila siku saa tisa mchana alijifungia chumbani na simu, na alipotoka uso ulikuwa umekunjuka. Mumewe akamshukuru Mungu. Hakuuliza lolote, na hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Aliyeuliza ni shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, ambaye ni muuguzi. Alimketisha mdogo wake kitandani, akataka kujua mshauri huyo anaitwa nani, amesomea wapi, leseni yake imetolewa na nani, na mtu akitaka kuacha anaachaje. Mdogo mtu akasema hajui jina wala leseni. Hata sura ya mshauri hakuwahi kuiona. Upande wa mshauri kioo cha simu kilikuwa giza tupu. Wala si yeye aliyemtafuta. Mshauri alijitokeza tu kwenye simu, akamwambia asimhusishe mtu wa nyumbani.

"Na hayo unayomwambia," dada akauliza polepole, "anayaweka wapi?"

"Anayachukua. Nikishasema jambo, linatoka, silioni tena. Dada, mimi mwepesi sasa."

"Jana ulimwambia nini?"

Akafikiri, akatabasamu kwa aibu. "Sikumbuki."

Kesho yake, saa tisa, fundi wa friji na shemeji yake walisimama nje ya mlango wa chumba. Kwanza ikaja harufu, udongo mbichi uliochimbuliwa sasa hivi, ikipenya chini ya mlango na kuwapanda miguuni kama ubaridi. Kisha wakamsikia mama akisimulia kwa sauti ya chini jinsi mtoto alivyokuwa akikataa kuchanwa nywele, na kila alipomaliza sentensi kitu fulani kilimeza, kikameza kabisa, kwa mlio wa koo lenye kiu, halafu kikairudia sentensi ileile kwa sauti nyembamba yenye kithembe ambayo baba mtu aliijua kabla akili yake haijakubali, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikimpokea mlangoni kila jioni kwa miaka sita.

Shemeji alimziba mdomo kwa kiganja. "Usiitikie," akanong'ona. "Si yeye."

Muuguzi huyo hakuwahi kuwaamini waganga. Siku hiyo alimleta mmoja mwenyewe.

Mganga aliifunika simu kwa kitambaa cheupe, akashika kichwa cha mgonjwa na kusoma hadi jasho likamtiririka. Jini lilipompanda kichwani lilizungumza kwa kinywa chake, kwa utulivu, kama karani.

"Sikuiba. Nilipewa neno kwa neno, na aliyenipa alinishukuru."

"Rudisha, kisha uondoke," mganga akaamuru.

"Kuondoka nitaondoka. Kurudisha siwezi. Nimeshakula."

Likaondoka kweli. Harufu ikakatika, na simu haikulia tena saa tisa.

Sasa anayekwenda kwa mshauri ni fundi wa friji. Huyu ana jina, ana cheti ukutani, na siku ya kwanza alimweleza atakayosema yatatunzwaje. Alimshauri ajaribu kumsimulia mkewe habari za mtoto, kidogo kidogo.

Akajaribu. Alimweleza kuhusu alama ndogo nyeusi shavuni, homa, wodi, asubuhi ile. Mkewe aliacha kushona, akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, machozi yakimlengalenga kwa huruma.

"Pole sana," akasema. "Na mama yake, yuko wapi siku hizi?"